Shule Niliyoifungua Jikoni

Dirisha la jikoni kwetu Alby, pembezoni mwa Stockholm, lilitazama uwanja wa shule. Nililijua hilo tangu asubuhi ya kwanza nilipowaambia binti zangu wawili wakae mezani wafungue vitabu, lakini sikulipa uzito. Nilivuta pazia kidogo nikaona imetosha. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo tisa. Kengele ya shule ile ililia ng'ambo, tukaisikia wote watatu, na sisi tukaanza hesabu.

Mama yao alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, kwa ugonjwa wa damu. Watu wetu wa Stockholm, Watanzania, Waganda na Wakenya, walichanga, tukamsafirisha hadi Muheza kwa wazazi wake. Huko msibani ndiko wazo la shule ya nyumbani lilikozaliwa, na lilizaliwa na aibu.

Wanawake walikuwa wamejaa ndani, wamekaa mikekani. Binti zangu waliketi katikati yao, migongo imeegemea ukuta, wamevalishwa kanga zilizowazidi. Bibi yao alimvuta mkubwa karibu, akamuuliza kama mama yake aliumwa sana. Mtoto alielewa kila neno. Akajibu kirefu, kwa upole, huku machozi yakimtoka, na akajibu kwa Kiswidi. Ndivyo alivyozoea kutujibu sisi nyumbani: tunamwambia kwa Kiswahili, anarudisha kwa Kiswidi, na hatukuona ubaya wowote. Bibi alimtazama mdomoni kama kiziwi anayemtazama mtu akizungumza. Kisha akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

Dada yangu ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ili wenzake wasikie.

"Kaka, leo tumezika mmoja. Hawa wawili umeshawazika wewe mwenyewe hukohuko."

Hakuna aliyemkemea.

Niliporudi Stockholm nilikuwa nimeshaamua. Watoto watatoka shuleni. Nitawafundisha mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa vitabu vya nyumbani, na baada ya miaka miwili tutarudi moja kwa moja, nao waingie sekondari ya kwetu kama watoto wengine. Mimi nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Nilikuja Uswidi kujifunza ufundi wa mitambo ya kuchapia, mradi ulionileta ukafa, nikabaki. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda kikubwa cha dobi kinachofua nguo za hospitali. Kidato cha nne, niliona, kinatosha kumfundisha mtoto wa darasa la tano.

Mwalimu mkuu wa shule yao alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba, akanipa anwani ya mtu wa kuzungumza naye. Lakini sheria iliruhusu, mradi manispaa iridhike. Kibali kingetolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na kila masika mwalimu angekuja nyumbani kuwapima watoto. Nilijifunza sheria ile kuliko nilivyowahi kujifunza kitu kingine chochote kwa Kiswidi. Nikapewa kibali.

Isipokuwa siku za mapumziko, nilikuwa naingia kazini kabla ya alfajiri na kurudi muda mfupi baada ya watu kula chakula cha mchana. Kwa hiyo asubuhi walikuwa peke yao. Niliwaachia kazi mezani, mkubwa akimsimamia mdogo. Nilipofungua mlango, bado nanuka sabuni na mvuke, walikuja wote wawili koridoni kunipa shikamoo, nikaitikia, nikala, kisha tukakaa darasani hadi jioni.

Vitabu nililetewa na watu waliosafiri. Vilikuwa vya shule za msingi za nyumbani, karatasi zake nyembamba, na vilijaa kilimo. Binti zangu walikariri misimu ya kupanda pamba, namna ya kukausha karafuu, faida za mkonge. Nyuma yao theluji ilikuwa inaanguka. Siku moja mdogo aliinua mkono, maana nilitaka wainue mikono ingawa walikuwa wawili tu.

"Baba, pamba tukiipanda hapa Alby, tutavuna mwezi gani?"

Nilimwambia aache utani darasani. Kesho yake niliikumbuka nikiwa kazini, nikacheka peke yangu kati ya mikokoteni ya mashuka.

Sitaki kusema shule ile ilikuwa mbaya. Tulijifunza sehemu kwa kukata chapati, na aliyekosea alipewa kipande kidogo. Mkubwa alichora ramani ya reli ya Tanga akaibandika kwenye mlango wa friji. Kwa kuwa mwalimu wa manispaa angewapima na masomo ya Kiswidi, na mimi historia ya wafalme wao sikuijua, mkubwa alijifunza mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, akamfundisha mdogo wake, na kusema kweli akanifundisha na mimi. Kiswahili chao kilinyooka. Walimwandikia bibi yao, naye akajibu, kwa mkono wa mtoto wa jirani, kwamba sasa anawasikia. Barua hiyo niliisoma mbele yao mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ghorofa ya chini yetu aliishi mama mmoja wa Uganda. Alikimbia kwao zama za wanajeshi. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hapa Uswidi alikuwa anahudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Kiswahili chake alikiokota Nairobi akiwa mkimbizi, kilikuwa kimevunjika hapa na pale lakini hakikuwa na woga. Sisi Waislamu, yeye Mkristo wa kuimba kwaya. Jumamosi alipanda ngazi na bakuli la mchuzi wa karanga, akasimama mlangoni mwa jikoni na kuniita hedimasta.

"Hedimasta, wanafunzi wako wana likizo lini? Au hapa hakuna serikali?"

Watoto walimpenda. Walimwita anti.

Mkubwa alipokuwa na miaka kumi na miwili, nilirudi kutoka kazini siku moja nikakuta korido tupu. Hakuna shikamoo. Mdogo alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango wa bafu kama askari.

"Anaumwa tumbo, baba. Amesema usiingie."

Nilisimama pale na koti langu muda mrefu kabla sijaelewa. Kwetu, siku kama hiyo huitwa kungwi, mwanamke mtu mzima ambaye si mama wa mtoto, naye huingia ndani na binti akamfunda yale anayopaswa kujua. Baba haulizi hata. Huona tu kwamba nyumbani kuna pilika, akatafuta pa kwenda. Mimi nilikuwa nimejipa masomo yote ya binti zangu, na hili nisingeweza hata kulitamka jina.

Nikashuka ngazi nikagonga kwa yule mama. Alipofungua nilisema kuna jambo la kike kule juu, nikashindwa kuendelea. Alinitazama usoni, akaingia ndani kuchukua mkoba wake.

"Kwetu hiyo ni kazi ya ssenga, dada ya baba," akasema. "Dada yako yuko mbali. Basi leo mimi ni dada yako, bwana. Nenda utembee, na usirudi haraka."

Nilitembea hadi ziwani. Watu walikuwa wanateleza kwenye barafu na watoto wao. Nilizunguka mpaka miguu ikafa ganzi, na nilipopanda ngazi nilisikia kicheko cha mkubwa kabla sijafungua mlango. Tangu siku hiyo Jumamosi mchana wote wawili walishinda kwake. Nililichukua kama msaada wa jirani. Sikufikiri kwamba cheo nilichompa kina upande wa pili. Kungwi humfunda binti, lakini pia binti humwambia yeye yale ambayo hawezi kumwambia baba, naye ana haki ya kuyapandisha kwa baba.

Miaka miwili niliyojiwekea ikapita. Nyumbani watu walikuwa wanapanga foleni ya sukari na sabuni, na ndugu waliandika nisubiri hali itulie. Nikawaambia watoto tutakwenda mwakani. Mwakani ikafika nikawaambia vilevile. Mkubwa akatimiza miaka kumi na minne, akawa karibu kunifikia kwa urefu. Alibadilishana kiti na mdogo wake, akakaa upande unaotazama nje. Siku zangu za mapumziko nilimwona akisimama kwenye sinki kuosha kikombe kimoja tangu kengele ya mapumziko ya shule ile ilipolia hadi ilipolia tena.

Desemba, asubuhi ya sherehe yao ya Mtakatifu Lusia, wasichana wa shule walitoka wamevaa kanzu nyeupe, mishumaa mikononi, wanakwenda kuwaimbia wazee. Nje bado kulikuwa giza. Mmoja wa waliotangulia aliinua uso kwenye dirisha letu, akapunga. Yeye na mkubwa walikuwa wakikaa dawati moja zamani. Binti yangu aliinua mkono, akaniona nimeingia, na mkono ule akautumia kurekebisha pazia.

Nikasema chai imepoa.

Februari, Jumamosi, yule mama wa chini alikuja bila bakuli. Alivaa gomesi, lile vazi lao la heshima lenye mabega yaliyochongoka, kama mtu aliyealikwa harusini. Alibisha hodi na kungoja, wakati siku zote aliingia tu. Hakutaka kukaa jikoni, alikwenda sebuleni. Watoto walikuwa wamebaki kwake. Nikachemsha chai.

"Leo sikuja kama jirani," akasema. "Nimetumwa."

Alieleza taratibu, mikono juu ya magoti. Agosti wenzake binti yangu wanaingia darasa la tisa, ambalo ndilo la mwisho. Alama za darasa hilo ndizo zinazomwingiza mtoto sekondari ya juu, na mtoto asiye nazo hana pa kubishia. Masomo ya jikoni hayatoi alama. Mtoto anaomba mwaka huo mmoja. Mengine yote anasema baba amemfundisha vizuri, na hana lawama.

Nilimuuliza kwa nini mtoto mwenyewe hakusema.

"Angesemaje? Wewe umemfundisha binti hasimami mbele ya baba yake na jambo kubwa. Amefuata. Ametafuta mtu mzima akamtuma, kama inavyotakiwa. Sasa unamlaumu?"

"Sisi tunarudi nyumbani. Atasoma huko."

"Lini, hedimasta?"

Nikamwongezea chai.

"Na mimi nilikuwa nasema mwakani," akasema. "Nimeshachakaza makoti ya baridi manne nikisema mwakani. Lakini mimi nilikuwa nachakaza makoti yangu mwenyewe."

Nilikasirika. Nilimwambia malezi ya binti zangu ni ya nyumba hii, na wanangu hawahitaji balozi. Alikunywa chai yake ikaisha, maana alikuwa na adabu, akaweka kikombe, akashuka. Jioni niliwaambia watoto kwamba Jumamosi mchana sasa tutasoma Kurani na jiografia.

"Ndiyo, baba," mkubwa akasema. Alinitazama kidogo kuona kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi.

Nimekuwa na muda mwingi wa kujiuliza kwa nini nilikataa. Wakati ule ningesema ni lugha, ni mila, ni safari ya kurudi. Ukweli ni kwamba tangu mke wangu afariki, kitu pekee kilichonifanya nipande ngazi zile kila mchana ni kujua kwamba nikifungua mlango kuna vichwa viwili vimeinama mezani. Kazini sikuwa na mtu. Tulifanya kazi katika kelele za mashine, na wakati wa chakula Wafini walikaa na Wafini, Wagiriki na Wagiriki. Kama mkubwa angekwenda shule, mdogo angefuata, na mimi ningefungua mlango nikute nyumba ya mjane mwanamume. Niliogopa hilo, na woga wangu nikauvalisha kanzu ya mila.

Masika yakaja, theluji ikageuka matope na kokoto njiani. Mwalimu wa manispaa alikuwa yuleyule wa miaka yote, mwanamke wa makamo, sauti ya chini, aliyevua viatu mlangoni na kubaki na soksi nene za sufu. Aliwapima asubuhi nzima. Mdogo alifanya vizuri. Mkubwa alifanya vizuri mno, hadi mwalimu akavua miwani na kusema hesabu kama hizi hazioni kila siku hata kwake shuleni.

Kisha akafunga jalada lake, akamgeukia.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" akamuuliza kwa Kiswidi. "Ungependa kuja kwetu Agosti?"

Binti yangu akatazama meza. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, siioni. Nilijua hatasema. Palikuwa na mgeni, na mimi baba yake nimekaa hapo. Kusema ndiyo kungekuwa kumwambia mgeni kwamba baba amekosea, na hilo nilikuwa nimemfundisha asilifanye tangu akiwa mdogo, kabla ya jikoni, kabla ya hesabu. Mwalimu alingoja. Waswidi wanajua kungoja. Friji ikaguruma, ikanyamaza. Mdogo alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema, "Kwetu, binti akiulizwa akanyamaza, amekubali."

"Amekubali nini?" mwalimu akauliza.

"Amekubali mpango wa baba yake."

Haukuwa uongo mtupu, na ndiyo maana ulifanya kazi. Kwetu binti akiulizwa kuhusu mchumba akanyamaza, huhesabiwa ameridhia. Lakini hilo ni la ndoa, na huulizwa na watu wanaomjua, wanaoweza kuusoma uso wake na kutofautisha kunyamaza kwa haya na kunyamaza kwa huzuni. Mimi nililing'oa hapo nikalipeleka kwenye shule. Na binti yangu alijua, kwa sababu desturi hizo nilimfundisha mimi.

Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, uso ukamwiva. Nilimwona anaogopa. Alikuwa mtu aliyejitahidi kuwaheshimu wageni, na hakutaka kukanyaga mila asiyoijua. Mtu asiyetuheshimu angeuliza mara ya pili. Aliandika, akavaa viatu, akaondoka. Kibali kikaja kabla ya kiangazi.

Siku ile mkubwa alikusanya vikombe.

"Umejibu hesabu vizuri," nikamwambia.

"Asante, baba."

Agosti wenzake wakaingia darasa la tisa. Yeye aliendelea kusoma jikoni, na hakuna alichokosea. Alipika, alimsimamia mdogo, alinipa shikamoo nikiingia. Kilichopotea ni maswali. Sikuwa nimejua kwamba darasa letu lote lilikuwa limesimama juu ya maswali yake. Nilieleza jambo, akaandika, nikauliza kama ameelewa, akasema ndiyo. Hata utani wa mdogo ulipungua, maana hakuwa na wa kucheka naye. Tulikula tukisikia vijiko.

Kwa yule mama wa chini nilikwenda mwishoni mwa vuli. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikakuta jina jingine mlangoni, la Kiswidi. Serikali ya kwao ilikuwa imebadilika, na watu wakaniambia alikuwa wa kwanza kukata tiketi. Mkubwa alijua. Alikuwa ameshuka kumuaga, na hakuniambia kwa sababu sikumuuliza.

Masika yaliyofuata mwalimu alikuja kumpima mdogo peke yake. Mkubwa alikuwa amevuka umri wa kulazimishwa shule, kwa hiyo karatasi zake zilikuwa zimefungwa. Siku ile yeye ndiye aliyetuhudumia chai. Mdogo alijibu yote, akamchekesha mwalimu kwa kumwambia kwamba katika darasa lake yeye ni wa kwanza na pia wa mwisho. Mwalimu alipomaliza kucheka, akavua miwani.

"Na wewe? Ungependa kuja kwetu?"

Mdogo yule, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, akatazama meza. Mikono ikashuka chini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amejifunza kwa dada yake jinsi inavyofanywa.

Nilifungua mdomo. Ningependa kuandika kwamba nilitaka kusema jambo jingine safari hii. Siwezi kuandika hivyo.

Mkubwa aliweka chupa ya chai mezani.

"Samahani, baba," akasema kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia mwalimu, akaweka mkono begani kwa mdogo wake, akasema kwa Kiswidi, bila haraka, "Mdogo wangu anataka kuja shule. Hajakubali kubaki nyumbani. Na mimi mwaka jana sikukubali."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alimtazama mkubwa, na nikaona mwaka mzima unampita usoni. Kisha akaniuliza mimi kama ndivyo ilivyo.

"Ndivyo," nikasema.

Alipoondoka, mkubwa alibaki amesimama palepale akingoja hasira yangu. Mdogo alikuwa ameshika upindo wa sketi ya dada yake kama mtoto mdogo. Hasira sikuwa nayo. Lakini nilichomuuliza, nadhani kilikuwa kibaya kuliko hasira.

"Kwa nini hukusema mwaka jana?"

"Kulikuwa na mgeni, baba. Ningekuaibisha."

"Na leo?"

"Leo haikuwa juu yangu."

Mdogo aliingia shule Agosti. Asubuhi ya kwanza alivuka uwanja akikimbia, na sikuwepo kumwona, nilikuwa kazini. Mkubwa naye alikuwa kazini pamoja nami. Bila alama za darasa la tisa sekondari ya juu haikumchukua, na nilimwombea nafasi dobini kwetu, nikijiona nimemsaidia.

Mashuka ya hospitali yakitoka kwenye mashine ya kupigia pasi huwa ya moto, na makubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili, mwenzake mbili, mnatembea mpaka mikono ikutane, mmoja anaachia, mnarudi nyuma. Msimamizi alitupanga pamoja kwa kuwa tulikuwa baba na binti na tungeelewana. Asubuhi nzima mikono yetu ilikutana na kuachana. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wanawake wa Kifini walimsifu kwa wepesi wake, na kila waliposifu nilitamani wanyamaze.

Siku moja, mikono yetu ilipokutana, sikuachia.

"Nimekukosea," nikamwambia.

Nilitarajia aseme usiseme hivyo, baba. Hivyo ndivyo mtoto aliyelelewa vizuri humwambia mzazi, na nadhani nilikuwa naliomba neno hilo kuliko nilivyokuwa naomba msamaha. Alinitazama juu ya shuka.

"Ndiyo, baba," akasema. "Umenikosea."

Kisha akaongeza, "Vuta upande wako, linakunjamana."

Nikavuta.

Majira ya baridi yale alijiandikisha katika shule ya watu wazima mjini. Alitoka dobini, akalala kwa saa moja, akapanda treni ya chini kwa chini kwenda kusoma na watu waliomzidi umri, wengine wana watoto wao. Darasa la tisa ambalo lingemchukua mwaka mmoja, akiwa na wenzake, lilimchukua zaidi ya miaka miwili akiwa amechoka. Alilimaliza, akaenda mbele, leo ana kazi nzuri na nyumba yake Spånga. Mdogo yuko Upplands Väsby na watoto ambao hunijibu kwa Kiswidi. Muheza hatukurudi. Bibi yao alifariki tukiwa bado tunasema mwakani.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Jumapili moja ya majira yale ya kwanza. Mdogo alikuwa ametoka na wenzake wa shule. Mkubwa alikuwa mezani jikoni na hesabu za shule ya watu wazima, kichwa kwenye kiganja. Nilipeleka chai. Nikaona karatasi. Lilikuwa swali la milinganyo, na alikuwa amekwama mstari wa tatu, na kosa lenyewe nililiona palepale kwa sababu aina hiyo ya swali nilimfundisha mimi.

"Nikuoneshe?" nikauliza.

"Hapana, baba, asante. Nataka nilifanye mwenyewe."

Alisema vizuri, kwa heshima zote. Nikarudi sebuleni. Nilizima redio ili asisumbuke, nikakaa karibu na mlango nilioacha wazi, labda angebadilisha mawazo. Nilisikia akifuta, akiandika, akifuta tena. Kisha nikasikia akifungua ukurasa mwingine, nikajua amelipata.